Namna ya Kumfundisha kwa Kiingereza Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Aliyesoma kwa Kiswahili

Mtoto wa Kitanzania aliyepita katika shule ya msingi ya kawaida, yaani isiyo ya mchepuo wa Kiingereza, amejifunza hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, lugha ambayo imekuwa ya kufundishia katika shule za msingi nchini tangu 1967. Kiingereza amekutana nacho kama somo, vipindi vichache kwa wiki, mara nyingi katika darasa kubwa lenye vitabu vichache. Anapoingia Kidato cha Kwanza anakuta kwamba karibu masomo yote yanafundishwa, yanaandikwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Kozi ya utangulizi ya Kiingereza inayotolewa wiki za mwanzo humsaidia kushika kamba, lakini wiki chache haziwezi kufanya kazi ya miaka, na kozi ikiisha mwalimu wa fizikia, biolojia au jiografia ndiye anayebaki na mzigo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu huyo. Haumhusu mwalimu wa somo la Kiingereza peke yake, na hauingii kwa kina katika mjadala wa lugha gani itumike kufundishia, mjadala ambao ni mrefu na wenye ushahidi mwingi. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari; watafiti Criper na Dodd, walioandika ripoti yao mwaka 1984, walionesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi walio wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine; na watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameeleza kwa miaka mingi kwamba kufundishia kwa lugha isiyoeleweka si njia ya kuifundisha lugha hiyo. Mimi nawaunga mkono. Hata hivyo, mwalimu mwenye wanafunzi 80 mbele yake Jumatatu asubuhi hawezi kuahirisha kipindi mpaka sera ibadilike, na kuna mengi anayoweza kuyafanya ndani ya sera iliyopo.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha fizikia nilikuwa na mazoea ambayo walimu wengi watayatambua: kila baada ya maelezo niliuliza, "Are we together?", na darasa zima likaitikia "Yes!" kwa sauti moja. Niliridhika. Wiki ya tatu, baada ya somo la "mass" na "weight", kijana mmoja wa dawati la nyuma alinifuata nje na kuniuliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, hii misa tunaipimaje kwa mizani?" Kwake "mass" ilikuwa ibada ya Jumapili, kwa sababu hapo ndipo alipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, na kwa siku tatu alikuwa ameitikia "Yes!" kama wenzake. Tangu siku hiyo sikuuliza tena swali lile.

Nadharia zinazostahili kuingia nazo darasani

Nadharia za ujifunzaji wa lugha ya pili ni nyingi na baadhi zinapingana. Mwalimu wa somo hahitaji zote. Anahitaji tano au sita zinazobadilisha namna anavyoandaa kipindi.

Ya kwanza, ambayo ningeiweka juu ya nyingine zote, ni ya Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, aliyetofautisha mwaka 1979 kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma. Aliona kwamba watoto wa wahamiaji nchini Kanada walimudu Kiingereza cha uwanjani katika muda wa kama miaka miwili, lakini walihitaji miaka mitano hadi saba kufikia wenzao katika Kiingereza cha vitabu na mitihani. Vifupisho vyake, BICS na CALP, vimejaa katika vitini vya vyuo vya ualimu, na mwalimu akivisahau hatapungukiwa na kitu, mradi akumbuke tofauti yenyewe: mwanafunzi anayekusalimia vizuri kwa Kiingereza na kutania kwa Kiingereza anaweza kushindwa kabisa kueleza kwa nini meli ya chuma inaelea. Tukumbuke pia kwamba watoto wa Cummins walizungukwa na Kiingereza dukani, kwenye televisheni na barabarani. Mwanafunzi wa Sumbawanga au Newala anakisikia zaidi darasani, na kwa wengi Kiingereza ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Tusitarajie awahi kuliko wale.

Cummins alisema jambo jingine lenye faida kubwa zaidi kwetu. Maarifa aliyoyapata mtu kwa lugha moja hayahifadhiwi katika chumba cha peke yake. Lugha mbili za mtu mmoja ni kama visima viwili vinavyochota maji kwenye mkondo mmoja wa chini. Mwanafunzi anayejua kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hana haja ya kufundishwa upya jambo hilo. Anahitaji maneno mapya ya kulitamka. Asiyelijua kwa lugha yoyote ana kazi mbili kwa pamoja, na ndiyo maana kumnyima Kiswahili wakati wa kufikiri ni kumfungia kisima chenye maji.

Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo ya 1980, alishikilia kwamba lugha huingia kwa mtu pale anapopokea ujumbe anaouelewa, uliopita kiwango chake kwa hatua moja tu, na kwamba hofu na aibu hujenga ukuta unaouzuia ujumbe huo. Wakosoaji wake wamesema, na wana hoja, kwamba hakuna kipimo cha kuonesha "hatua moja" hiyo iko wapi. Pamoja na hayo, sehemu ya kwanza ya hoja yake inatosha kuhukumu vipindi vyetu vingi: saa nzima ya Kiingereza kisichoeleweka haiongezi Kiingereza.

Aliyemjibu Krashen kwa ushahidi mzito alikuwa Merrill Swain, mtafiti wa Kanada. Kuanzia 1965, kule St. Lambert katika jimbo la Quebec na baadaye kwingineko nchini Kanada, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa. Baada ya miaka mingi ya kusikia Kifaransa wanachokielewa, walielewa vizuri sana, lakini waliposema na kuandika sarufi yao ilibaki na kasoro nyingi. Swain akahitimisha mwaka 1985 kwamba kusikia hakutoshi. Ni lazima mwanafunzi alazimike kuitoa lugha yeye mwenyewe, kwa sababu ni wakati wa kuitoa ndipo anapogundua asichokijua. Michael Long aliongeza kwamba mazungumzo ya kuulizana, "una maana gani?", "unasema chini au juu?", ndiyo yanayofanya lugha ngumu ieleweke. Ukizipima darasa zetu kwa hoja hizi mbili, utaona shida iko wapi: mwalimu anasema, wanafunzi wanaitikia kwa pamoja, kisha wananakili notsi kutoka ubaoni. Mtu anaweza kumaliza muhula mzima bila kutunga sentensi moja ya Kiingereza ya kwake mwenyewe.

Iko pia fikra ya Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, kwamba kuna eneo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa, na kwamba kufundisha kunazaa matunda katika eneo hilo. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la ujenzi. Kwetu mfano ulio karibu ni mirunda ambayo fundi anaisimamisha chini ya zege: ikiondolewa mapema sakafu inaanguka, na ikiachwa daima nyumba haikaliki. Nitaurudia mfano huu mwishoni, kwa sababu walimu wengi wanaokubali kuweka mirunda husahau kuitoa.

Kabla ya kipindi: tafuta lugha iliyojificha ndani ya mada

Andalio la somo la kawaida lina malengo ya maudhui. Ongeza mstari mmoja: mwanafunzi atasema na kuandika nini kwa Kiingereza ili kuonesha kwamba ameelewa? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonesha lugha ya kufundisha.

Chukua mada ya densiti, yaani jinsi kitu kilivyo kizito kwa ukubwa wake, katika fizikia ya Kidato cha Kwanza. Kwa mtazamo wa kwanza istilahi ni chache: "mass", "volume", "density", "float", "sink". Ukitazama kwa karibu, mambo yanaongezeka. Kwanza kuna maneno yenye sura ya ujirani. "Mass" tumekwisha kuiona. "Volume" mwanafunzi anaijua, lakini ni ile ya redio. "Fresh water" inampa tabu mara mbili, kwa sababu mtaani mtu akisema yuko freshi ana maana hana neno, na hata tafsiri yake sahihi ya Kiswahili, maji baridi, inaweza kumfanya adhani tunazungumzia maji ya kwenye jokofu. Ukimwambia "Draw a table" usishangae ukikuta meza yenye miguu minne ndani ya daftari. Maneno ya namna hii yanahitaji kutajwa waziwazi na maana zake zote mbili kuwekwa bayana, kwani mwanafunzi hatauliza juu ya neno analodhani analijua.

Pili, mada ya densiti ni mada ya kulinganisha na kutoa sababu, na hapa ndipo sarufi inapoamua nani amejibu swali. Kiswahili hulinganisha kwa neno "kuliko" bila kukibadilisha kivumishi: jiwe ni zito kuliko mti. Mwanafunzi akifuata njia hiyohiyo ataandika "The stone is heavy than wood", na akiwa amesikia "more" mahali fulani ataandika "more heavier". Fizikia yake ni sahihi kabisa. Kinachokosekana ni umbo moja la lugha ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulifundisha kwa dakika tatu ubaoni, kwa kuandika sentensi mbili za mfano na kupigia mstari "-er than".

Tatu, angalia kama Kiswahili kina neno la kutosha. Katika usemi wa kila siku "uzito" unabeba "mass" na "weight" kwa pamoja, kwa hiyo kutafsiri kwa "uzito" kunaongeza utata badala ya kuupunguza. Kiswahili cha sayansi kina neno "tungamo" kwa ajili ya "mass", na "ujazo" kwa ajili ya "volume". Andika maneno hayo kwenye karatasi ya manila, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili na mchoro mdogo katikati, uibandike ukutani na kuiacha hapo mpaka mada iishe. Kazi ya namna hii imewahi kufanywa kitaalamu: mradi uliovishirikisha Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Bristol ulitengeneza vitabu vya mfano vya Kidato cha Kwanza vyenye Kiingereza chepesi, michoro mingi, na maelezo ya istilahi kwa Kiswahili. Mwalimu asiye na vitabu hivyo anaweza kuanza na manila na kalamu ya wino mzito.

Usiorodheshe maneno zaidi ya manane kwa kipindi. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe, lakini ukizidisha utaona kesho yake hakuna lililobaki.

Ndani ya kipindi: dakika 80 za densiti

Huu ni mpangilio ninaoutumia kwa vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Vifaa ni chupa mbili za plastiki zilizokatwa juu, maji, yai bichi lisilo la zamani na chumvi ya jikoni. Kwa nusu lita ya maji vijiko vinne vikubwa vya chumvi, vikikorogwa mpaka viyeyuke, kwa kawaida vinatosha kulinyanyua yai. Likikaidi ongeza kijiko kimoja.

Anza bila maelezo. Tumbukiza yai katika maji yasiyo na chumvi, lizame, kisha lihamishie kwenye maji ya chumvi, lielee. Sasa waambie wanafunzi wageukiane wawili wawili na kuzungumza kwa Kiswahili kwa dakika tatu: kwa nini yai lilelile limezama huku na kuelea kule? Ninasisitiza kwa Kiswahili, kwa sababu hapa tunataka fikra, na fikra ya mtoto wa miaka 13 kwa lugha anayoimudu inakwenda mbali kuliko sentensi tatu za Kiingereza alizonazo. Katika darasa la watu 80 hii ina maana watu 40 wanazungumza kwa wakati mmoja. Kelele zitakuwepo, mkuu wa shule akichungulia dirishani, mweleze.

Baada ya hapo eleza kwa Kiingereza, ukirudia tendo lenyewe kwa mikono yako. Sema sentensi fupi, taja kitu unachokionesha, rudia neno lilelile badala ya kupamba kwa visawe. Mwalimu anayesema "sinks" mara ya kwanza, "goes down" mara ya pili na "submerges" mara ya tatu anadhani anarahisisha, kumbe amempa mwanafunzi maneno matatu ya kuhangaika nayo badala ya moja.

Jiepushe na tabia ya kutafsiri kila sentensi papo hapo. Nimeifanya na nimeiona ikifanywa: mwalimu anasema sentensi kwa Kiingereza, anaigeuza kwa Kiswahili, anaendelea. Wanafunzi hujifunza upesi kwamba Kiswahili kinakuja, na huacha kabisa kusikiliza ile ya kwanza. Kule Wales, Cen Williams aliwahi kupendekeza katika miaka ya 1990 kwamba lugha mbili zipangiwe kazi tofauti ndani ya kipindi kimoja, kwa mfano kusoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na hilo ndilo tunalolifanya hapa: Kiswahili kwa kufikiri pamoja, Kiingereza kwa kuwasilisha. Mwanafunzi akijua lugha ipi ina kazi gani, hazichanganyi ovyo.

Kisha andika ubaoni viunzi vya sentensi, yaani sentensi zenye nafasi wazi:

"The egg sinks in fresh water because it is ______ than fresh water."

"The egg floats in salt water because ______."

"I predict that the ______ will ______ because ______."

Kiunzi cha kwanza kina msaada mwingi, cha pili kina kidogo, cha tatu kinamwachia mwanafunzi karibu kila kitu. Jozi zilezile zilizofikiri kwa Kiswahili sasa zinajaza kwa Kiingereza, kila mmoja akimwambia mwenzake kwa mdomo kabla ya kuandika. Kiunzi cha tatu kinahusu vitu vipya: msumari, kipande cha mshumaa, kiazi, kifuniko cha chupa. Baada ya kutabiri, vijaribiwe mbele ya darasa. Hapa ndipo kile alichokisema Swain kinapoonekana kwa macho. Mwanafunzi anafika kwenye "because", anasimama, anagundua kwamba hajui namna ya kusema "kiazi kina densiti kubwa", anamgeukia mwenzake, na katika kuulizana huko wanapata "the potato is denser than water". Dakika hizo mbili zina faida kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Unapouliza swali kwa darasa zima, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, aliripoti mwaka 1974 kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kuendelea, na kwamba waliposubiri sekunde tatu majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu waliongezeka. Mtu anayejibu kwa lugha ya kigeni anahitaji kulielewa swali, kupata jibu, kulitafutia maneno na kuyapanga. Mimi huhesabu kimoyomoyo mpaka saba. Na badala ya "Are we together?" uliza jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa "Yes": "Asha, which one is denser, the egg or the salt water? Show me."

Malizia kwa hesabu moja na aya moja. Jiwe lenye gramu 54 likipandisha maji kwenye chombo cha vipimo kwa sentimita 20 za ujazo, densiti yake ni gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hesabu hiyo mwanafunzi ataiweza haraka. Aya ya kueleza maana yake ndiyo kazi. Soma kwa sauti aya fupi ya sentensi nne inayoeleza jiwe hilo, mara mbili, kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza wasikilize tu, mara ya pili waandike maneno makuu, kisha wawili wawili waijenge upya aya nzima. Hii si imla, na hawatakiwi kupata maneno yako yote. Wanatakiwa kupata maana yako kwa sentensi zilizonyooka.

Makosa na namna ya kuyashughulikia

Mwaka 1967 S. Pit Corder alitoa hoja kwamba makosa ya mwanafunzi ni dirisha la kuonea kanuni anazozijenga kichwani, na mwaka 1972 Larry Selinker akaupa mfumo huo wa kati, ambao si lugha ya kwanza wala si lugha lengwa, jina ambalo wanaisimu wetu wengine huliita lugha kadirifu. Mwalimu anayejua Kiswahili ana bahati, kwa sababu makosa mengi ataona yanakotoka. "My father he works in Tanga" inatokana na ile "a-" ya "Baba yangu anafanya". "Borrow me your pen" inatokana na "niazime". Mwanafunzi anayemwita dada yake "he" amezoea "yeye" isiyobagua. Anayesema shule inaanza "at one o'clock" hakukosea saa. Anaihesabu saa moja ya asubuhi kama babu zake walivyoihesabu. Mengine hayatokani na Kiswahili hata kidogo: "goed" na "childs" huandikwa pia na watoto wa Uingereza wanapokuwa wadogo, na hupotea jinsi lugha inavyokomaa.

Usisahihishe yote. Katika kipindi cha densiti sahihisha maumbo ya kulinganisha, kwa kuwa ndiyo uliyoyafundisha, na uache mengine yapite. Angalia pia namna unavyosahihisha. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa huko Montreal, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia sentensi ya mtoto kwa usahihi bila kusema lolote, na kwamba aina hiyo ndiyo iliyomfanya mtoto ajirekebishe kwa nadra zaidi. Mtoto alidhani mwalimu anakubaliana naye. Kilichofaa zaidi ni kumrudishia kazi: "The stone is heavy... how do we say it when we compare?" Kisha nyamaza mpaka aseme.

Kuhusu kibao kinachovishwa shingoni mwa anayekutwa akizungumza Kiswahili, au fimbo na faini zinazokwenda nacho, sina maneno mengi. Nimefanya kazi mahali kilipotumika. Wanafunzi hawakuzungumza Kiingereza zaidi. Walinyamaza wakati wa mapumziko, na wale waoga walijifunza kukaa mbali na viranja. Ukuta alioutaja Krashen tulikuwa tunaujenga wenyewe kwa mbao.

Maneno ya maswali ya mtihani

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne huandaliwa na Baraza la Mitihani kwa Kiingereza, na swali huanza na neno la amri. Kiswahili cha darasani hutumia "eleza" kwa kazi nyingi, kwa hiyo "state", "describe" na "explain" humwangukia mwanafunzi kama neno moja. Matokeo yake anaandika mstari mmoja palipohitajika sababu, au ukurasa mzima palipohitajika kutaja tu. Fundisha maneno haya kwa kutumia jambo moja linalojulikana. Kwa yai letu, "State what happens" inataka "The egg floats." "Describe what happens" inataka mfuatano: lilizama, chumvi ikaongezwa, likapanda taratibu, likatulia juu. "Explain what happens" inataka "because" na densiti ndani yake. "Distinguish" inataka pande zote mbili katika sentensi moja, na neno "while" au "but" katikati. Wape majibu matatu yasiyo na maswali, nao waseme kila jibu ni la amri gani. Zoezi hilo huchukua robo saa na halihitaji kifaa chochote.

Katika mazoezi yako ya darasani, toa alama mbili zilizotenganishwa: moja ya maudhui, moja ya lugha. Mwanafunzi aliyeandika "egg is up because salt water is heavy than egg" anastahili karibu alama zote za fizikia na nusu ya alama za lugha. Akipata sifuri kwa jumla ataamini hajui fizikia, na wewe pia utaamini hivyo, nyote wawili mkiwa mmekosea. Ruhusu mchoro wenye majina kuwa sehemu ya jibu katika muhula wa kwanza.

Kutoa mirunda

Viunzi vya sentensi vikikaa ubaoni mwaka mzima, wanafunzi watavijaza kwa mazoea kama fomu ya posta. Ninavipunguza hivi: muhula wa kwanza viunzi kamili, baada ya likizo ya katikati ya mwaka naandika maneno ya kuanzia tu, kama "because", "whereas", "therefore", kuelekea mwisho wa mwaka nafuta kila kitu na kuacha manila ya msamiati peke yake ukutani. Mazungumzo ya Kiswahili ya mwanzo wa kipindi siyaondoi, ila nayafupisha, na kuwaachia wanaotaka kuyafanya kwa Kiingereza wafanye hivyo bila kulazimishwa. Wapo watakaohitaji viunzi hadi Kidato cha Pili. Waandikie kwenye kipande cha karatasi wakibandike ndani ya jalada la daftari, ambako wenzao hawatakiona.

Ili kujua kama mirunda inatoka kwa wakati, chagua madaftari matatu mwezi Februari: la mwanafunzi anayeweza, la wa kati na la anayehangaika. Nakili kutoka kila moja aya moja aliyoitunga mwenyewe, iwekee tarehe, na ufanye hivyo kila baada ya miezi miwili. Mambo mawili yanatosha kutazamwa, nayo ni idadi ya sentensi zenye "because" au neno jingine la sababu, na idadi ya sentensi ambazo hukuziandika wewe ubaoni. Daftari la yule anayehangaika ndilo la kufunguliwa kwanza.